Mama Yuko Kwako

Nsemulwa, Mpanda
4 Februari 2024

Mdogo wangu Aurélie,

Hujambo? Watoto wanaendeleaje? Sisi wazima, ila mgongo wangu cherehani imeshaukunja.

Naandika kwa sababu kwenye simu Mama anasikia. Jumapili nilimpigia, akarudia mara tatu, "Mwanangu ananipikia vizuri." Hakuniuliza hata kama nimekula. Vita vya Burundi vilipoisha mkafunga mizigo kurudi Bujumbura, nilimwomba abaki na mimi hapa. Akakuchagua wewe. Miaka kumi na tano sasa, na bado nikishona gauni la mama wa mtu mwingine, wivu unanishika. Usinicheke.

Dada yako,
Annonciata


Buyenzi, Bujumbura
20 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Barua ilifika mapema, mimi ndiye niliyekaa kimya. Kiwandani tunapakia sabuni tangu alfajiri, nikirudi namwogesha Mama. Nilitaka kukujibu vibaya.

Sasa sikia. Tangu Krismasi kumbukumbu zimempotea. Ananiita Annonciata. Huyo mwanawe anayempikia vizuri, kichwani mwake ni wewe. Aurélie, anasema, alibaki Tanzania na hajali watu. Mimi namwosha miguu, sifa unapata wewe. Nani amwonee mwenzake wivu? Njoo umwone.

Mdogo wako,
Aurélie


Nsemulwa, Mpanda
2 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Nimefika salama kutoka kwenu, mume wangu Ezekia alinipokea stendi, miguu imevimba kwa basi.

Niliondoka bila kukuaga vizuri. Ulidhani nimekasirika, na ni kweli. Siku ile naingia, Mama aliniangalia akasema, "Annonciata, mpe mgeni kiti." Ukaitika, "Ndiyo, Mama," ukaniletea. Siku nne nimeitwa mgeni, nikakuchukia kwa jinsi ulivyoitika haraka.

Asubuhi ya mwisho nilikuja kumwambia, Annonciata ni mimi. Nikakukuta unamkata kucha, anacheka: "Ulipozaliwa, Annonciata, mvua ilinyesha wiki nzima. Baba yako alikufunika kwa koti lake, yeye akalowa." Hajawahi kunisimulia hilo. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza, ndipo nikachukua begi langu.

Wivu haujaisha, sikudanganyi. Lakini akikuita, itika. Na akikusimulia habari zangu, niandikie zote.

Dada yako,
Annonciata