Waliolala Mkwajuni

Saa nne na robo asubuhi. Zaina, ramani ya kata mpya imebandikwa hapa ofisini, na Mkwajuni haimo. Imeunganishwa na mji. Uchaguzi ujao hawatakuwa na diwani wao.

Tarishi akuletee na kikaratasi hiki. Karani wa mipaka, Mikidadi, amenitolea fomu ya sensa ya '67 waliyoifuata kuchora ramani: nyumba tisini, watu arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja! Mwandiko wangu, sahihi yangu.

Unaukumbuka usiku ule? Mkwajuni nzima ililala Bagamoyo kwenye khitma ya sheikh, ikahesabiwa huko huko. Mimi niliagizwa kuandika waliolala nyumbani tu. Nikaandika hao tu.

Siwezi kutoka, watu wa Mkwajuni wamejaa mlangoni. Diwani wao, Mzee Kitwana, aliuliza mbele ya wote, "Nyumba tisini, watu arobaini? Hizo nyingine wanakaa mapopo?" Walicheka.

Mikidadi akanigeukia. "Mwalimu, ulihesabu wewe. Fomu ni ya kweli, si ya kweli?"

Zaina, ni ya kweli. Nikasema, "Ni ya kweli." Hakuna aliyecheka.

Mzee Kitwana alipokuwa anapita nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia.