Karara la Bibi Yim

Battambang,
22 Januari 1947.
Asubuhi: ukungu mzito mtoni, baridi ya kujifunga kitambaa hadi masikioni.

Mpendwa Dada Phally,

Hujambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila goti la mama linamsumbua msimu huu wa baridi. Barua yako ilifika kwa treni, siku tatu tu. Miaka mitano tuliyokuwa mkoa wa Watai nilipata barua zako mbili. Mkoa wenyewe umekufa mwezi uliopita, na tayari watu wanausimulia kama mafuriko yaliyokwisha kupita.

Arusi ya mdogo wetu Thoeun ni Jumapili, tarehe 9 Februari. Kilichokosekana ni maua ya mpopoo, na bila hayo hatuwezi kumwoza.

Aliyeyamaliza ni mimi. Watai walipopiga marufuku tambuu na popoo zitafunwazo nayo, ofisi yao iliniajiri niandike orodha ya mipopoo, nyumba kwa nyumba. Jana niliisoma shajara yangu ya mwaka ule: “Miti 118. Kwa Bibi Yim sita; amenipa maji ya kunywa. Nimemaliza saa tisa, bila kosa.” Wiki iliyofuata wakaja wakataji, wakaiangusha yote. Dada, niliuonea fahari mwandiko wangu. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Sasa umebaki mpopoo mmoja wenye maua. Bibi Yim aliuotesha kwa siri nyuma ya banda la nguruwe, na mwaka huu umetoa karara lake la kwanza, ala iliyojaa maua. Juzi nilimwendea. Akaniuliza kama safari hii nimekuja na kalamu au na shoka. Nikamjibu nimekuja na aibu. Akatema tambuu, akasema aibu hailiwi, niketi.

Nilipomaliza kumwomba karara lile, alikunja tambuu nyingine, akasema:

“Thoeun hana kosa, mjukuu wangu. Karara atalipata. Lakini lile fungu la tatu lisiguswe na mikono yako.”

Unajua desturi: maua ya karara hufungwa mafungu matatu ya shukrani, mawili ya wazazi, la tatu la dada mkubwa. Kwa kuwa uko mbali, ningelipokea mimi. Hata blauzi nimeshashona. Mama alikasirika, akasema kikongwe yule anatuaibisha mbele ya wakwe. Baba alisema tu kwamba miti ilikuwa sita. Mimi nimelikubali sharti la Bibi Yim, nikaikunja blauzi.

Kwa hiyo nakuomba uje. Najua huko Phnom Penh makarara yapo sokoni. Usilete. Nikilikataa lake, nitakuwa nimemkatia mti wa saba.

Njoo ukae mahali pako, ulipokee. Mimi nitakuwa jikoni na akina mama, nikichambua mchele.

Baba, mama na Thoeun wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Heri za Buddha zikufunike njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Saroeun