Damu ya Avishai

Yerusalemu

Dada yangu mpendwa Penina,

Shalom nyingi kwako, kwa shemeji Uziel na kwa wapwa zangu. Je, mgongo wa baba umetulia? Huku baridi imetukaba. Mwili wangu mzima, ila roho imechafuka, chakula hakipiti.

Bila shaka Rabi Gutmakher, mwalimu wetu hapa chuoni, ameshampigia baba simu kumwambia kuwa nimepotoka. Sasa nisikilize na mimi.

Tulikuwa tunasoma Talmudi, pale wahenga wetu wanaposema kwamba anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu ni kama amemwaga damu. Rabi alifafanua vizuri hata machozi yakamlenga. Ndipo Avishai, yule mpole ninayesoma naye kila asubuhi, akauliza: mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake, naye anashika Sabato, akiaibishwa sinagogini, damu yake nayo inahesabiwa?

Rabi akabana pua. “Jamani, fungueni dirisha, kuna kitu kimeoza humu!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna aliyefungua dirisha kweli. Wengine wakaburuta viti kumkimbia Avishai, na kidole cha Rabi bado kiko palepale kwenye mstari! Kinyaa kilinishika, Dada. Tabasamu lile, mate yale kwenye ndevu.

Nikasimama, nikamwomba ausome tena mstari ule kwa sauti. Akanicheka: “Ehe, Elkana! Umekuwa wakili wake tangu lini?”

Nikamjibu kwamba mimi si wakili. Mimi ni kama yeye.

Naam, Dada, umesoma sawasawa. Ndivyo nilivyo tangu ujana wangu, wala hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo yule binti wa Haifa mliyenitafutia, mwombeni radhi. Hana kosa lolote.

Niliporudi bwenini nilikuta godoro langu uani, limemwagiwa maji ya kudekia. Nikaondoka. Torati sikuiacha. Tunasoma mimi na Avishai jikoni kwa wanawake wawili wapendanao, na mmoja wao, Noga, hunibana kwa hoja kuliko Rabi yeyote.

Pasaka nitakuja mkiniita. Lakini ikiwa sharti ni kufumba mdomo wajomba wanapotukejeli watu kama mimi, basi kuleni bila mimi. Mezani kwa baba nimechekea vya kutosha matusi ninayotukanwa mimi mwenyewe.

Wabusu watoto, na baba mpe salamu zangu zote, hata asipozipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Elkana