Amana Niliyomkataza Swedi Kuifungua

Koekelberg, Brussels
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam aleikum warahmatullah. Magoti yanasemaje? Na presha je, vidonge unameza kila siku, au bado unangoja kichwa kiume ndipo ukumbuke? Sisi huku, mimi na wifi yako Zaina, ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Wa moyo usituulize.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wakili ametukataza kuizungumza kesi ya mwanao Swedi kwenye simu, hata neno moja. Bi Hadija, jirani yetu anayesafiri kuja huko, ndiye atakuletea. Yeye naye kanikatalia bahasha iliyofungwa. "Ramadhani, mimi siku hizi sibebi kilichofungwa, hata kiwe msahafu." Basi nitampa wazi, asome, afunge mwenyewe. Akikuta jina lake humu asikasirike.

Siku ile uliponipigia ulikuwa unalia, ukasikia nusu. Leo nataka usikie yote kutoka kwangu, maana hasira hii ikikaa ndani itanimaliza. Na ndani yake kuna kosa langu, dada, sitalificha.

Swedi alikuwa anakwenda Dortmund kwa basi, harusi ya rafiki yake. Unajua sisi tulivyo, mtu akisema anasafiri hawezi kuondoka na mkoba wake peke yake. Alitangaza safari msikitini Ijumaa, na Jumamosi asubuhi Alhaji Yusufu, yule mwenye duka la simu na vyakula kule Ixelles, akagonga kwangu. Hakwenda kwa Swedi. Alikuja kwangu, mkubwa wake. Akakaa, akanywa chai yangu vikombe viwili, akasema, "Ndugu yangu, binti yangu kajifungua Dortmund. Kuna kamzigo kadogo ka mtoto. Ni amana." Neno hilo alilitamka yeye, kwa mdomo wake, juu ya mkeka wangu.

Swedi alipokuja kuuchukua mfuko wenyewe, zipu ya juu ilikuwa imeachia kidogo. Tukaona nguo za kichanga, na chini yake makopo ya maziwa ya unga. Unamjua mwanao na maneno yake. Akaniangalia, akasema, "Mjomba, kwani Ujerumani ng'ombe wamekufa?"

Zaina alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

"Nifungue nione?" akauliza.

Nikamwambia, "Amana haifunguliwi, wala haihojiwi. Babu yako alivusha mizigo ya watu kutoka Kigoma miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kusema amechungulia." Akasema, "Bon, mjomba, yaishe." Akafunga zipu kwa mkono wake mwenyewe, akaenda.

Basi lilipovuka mpaka, karibu na Aachen, polisi wakapanda. Wakauliza mfuko huu wa nani. Swedi akajibu, "Wangu." Dada, wewe na mimi tungejibu hivyo hivyo. Aliyebeba amana hamwaniki mwenye nayo mbele ya askari. Wakafungua makopo. Juu maziwa, chini vidonge vya kulevya, vingi, si vya mtu kujitumia.

Kule sheria inamruhusu mtu kunyamaza kabisa mpaka awe na wakili, na kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa hatia. Walimwambia hivyo kupitia mkalimani, kwa haki, siwasingizii. Lakini mtoto wetu kalelewa kwamba anayenyamaza ana lake jambo. Akasema. Siku ya kwanza akasema mfuko ni wake. Siku ya pili akasema si wake, ila mwenyewe hawezi kumtaja. Wakili wake, mama mmoja wa Aachen anayesema Kifaransa vizuri, aliposoma faili alishika kichwa. "Monsieur, angefunga mdomo siku mbili tu, kazi yangu ingekuwa nusu."

Na kuna la pili. Mwaka jana Alhaji alimwambia Swedi kitambulisho chake kimeisha muda, amsaidie kuandikisha laini ya simu kwa jina lake. Ni mambo ya kila siku huku, tunasaidiana. Kumbe laini hiyo ndiyo iliyokuwa ikiagizia vidonge kwenye yale masoko ya mtandao yaliyojificha. Sasa kwenye karatasi za mwendesha mashtaka, anayeagiza ni Swedi na anayebeba ni Swedi. Mwanao, ambaye mpaka anakamatwa picha za Idi alikuwa ananiomba mimi nimsaidie kuzituma! Wakili akaniambia neno moja lililonipoza kidogo: "Kompyuta inataja namba. Haitaji mkono ulioishika." Hilo atalipigania.

Yuko mahabusu miezi sasa. Hawamtoi kungojea kesi nje, kwa kuwa hana nyumba Ujerumani na wanaogopa atakimbia. Makosa ya namna hii kule kifungo chake hakianzii chini ya miaka miwili, na kinaweza kupanda sana. Barua zake zinasomwa kabla hazijamfikia. Kumwona inabidi uwe na hati ya ruhusa. Nilikwenda mara moja, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, nikapekuliwa mpaka soksi. Mkalimani amekaa pembeni, askari kule, kuizungumza kesi marufuku. Swedi amekonda. Akaniuliza, "Mama anakula?" Nikasema anakula. "Na wewe mjomba, wazee wako wa Berchem wanakusumbua bado?" Ndio, ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alinichekesha, dada. Yeye, aliyefungwa, ndiye alinichekesha mimi.

Niliporudi nikapanda basi moja kwa moja hadi Ixelles. Dukani kulikuwa na wateja.

"Alhaji," nikasema, "Swedi amefungwa kwa mfuko wako."

"Mfuko gani, mzee Ramadhani?"

"Uliouleta kwangu. Wa binti yako wa Dortmund."

Akawageukia wateja, akacheka. "Jamani, binti yangu yuko Kanada! Huyu mzee kazi za usiku zimemchosha." Kisha akaapa, dada. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono kwenye mashine ya kuhesabia bei, kwamba hajawahi kukanyaga kwangu. Zaina alimmiminia chai! Kikombe cha pili alikiomba mwenyewe, akasema sukari ongeza!

Nikatoka kabla mkono wangu haujafanya la aibu.

Sasa niambie nani alinisaidia. Kamati ya msikiti waliniita, nikadhani ni kheri. Mzee wao akasema, "Ramadhani, ukimtaja Alhaji, serikali itatuangalia sote kwa jicho baya. Yameshatokea. Swedi ni kijana, miaka itapita." Nikamwuliza, "Kama angekuwa wako?" Akasema, "Usilete hayo." Mtu anaswali safu ya mbele! Nimeacha kuswali kule. Naswali nyumbani, na Ijumaa napanda tramu mpaka msikiti mwingine ambako hakuna anayenijua.

Na kilichoniuma kuliko vyote ni wewe, dada yangu. Nisamehe, lakini nitasema. Uliniambia mdogo wake Alhaji alikuja kwako Buyenzi na gunia la mchele na maneno laini, kwamba tuyamalize kindugu. Na wewe ukaniambia, "Ramadhani, tulia, Mungu yupo." Mungu yupo, ndio. Lakini tumesoma chuo kimoja cha Kurani, mimi na wewe, kwenye jamvi moja, na tulifundishwa kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Mchele ule ni wa nini? Mtoto wa watu hapimwi kwa mchele. Urudishe. Kama mmeshaupika, nunueni mwingine, na urudi kwa aliyeuleta.

Sasa nikueleze kilichokwama, maana wewe ndiye unayeweza kukikwamua.

Wakili anasema mahakama ya kule haitauliza tu kama Swedi alijua. Itauliza pia kama alishuku, halafu akasema moyoni na iwe iwavyo. Akishuku na kukubali, ni sawa na kujua. Nikamsimulia ule mzaha wa ng'ombe. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Neno hilo lina makali pande mbili. Aliyeuliza aliona kitu si cha kawaida. Hapo mwendesha mashtaka atafurahi. Lakini aliuliza, akaomba kufungua, na mkubwa wake akamkataza. Hakimu wa Kijerumani hajui amana ni nini. Lazima aelezwe na aliyekataza."

Aliyekataza ni mimi.

Nikamwambia niko tayari. Akanionya vizuri, hakunidanganya. Mjomba, kwa sheria yao, ana ruhusa ya kukataa kutoa ushahidi. Hakuna atakayenilazimisha. Na nikisimama, wanaweza kuniuliza mimi nami nilijua nini, nikarudi Brussels au nisirudi. Zaina amelia siku tatu. Halafu asubuhi moja akanipigia pasi suti ya kijivu, akaitundika mlangoni.

Kwa hiyo mimi sina kizuizi. Kizuizi ni Swedi. Amemwambia wakili, "Mjomba asiitwe. Mjomba asiguswe." Wakili hataki kuniita bila idhini yake, kwa kuwa neno langu linaweza kumwokoa au kumzamisha, na anayefungwa ni yeye. Nimemwandikia, akanijibu kwa heshima, mistari mitatu: nimtunze Zaina, nisihangaike, yeye ataniheshimu mpaka mwisho. Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia zipu! Mimi nilimfundisha, na sasa nashindwa kuivunja. Mimi hatanitii katika hili. Wewe atakutii. Wewe ulimzaa.

Mwandikie. Usiandike mambo ya mfuko wala ya Alhaji, barua itasomwa na kutafsiriwa. Andika tu: "Mwanangu, mwache mjomba wako aseme." Maneno hayo, na jina lako. Na kama moyo wako unakataa, kama unaona heri nisiseme, hilo nalo ni haki yako, ila niambie wazi, usinitupie tena "Mungu yupo" halafu ukate simu. Kosa nimelifanya juu ya mwanao. Sitaki nifanye la pili kwa kukisia.

Nisalimie mdogo wetu Issa, fundi wa cherehani, na mkewe. Nisalimie Bi Salima, mjane wa marehemu kaka, mwambie dua zake zinafika. Na Mwalimu Juma aliyetusomesha, kama bado anasikia, umsomee hapo niliposema ya ushahidi, aseme kama nimekosea.

Kesi itasikilizwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia. Anwani ya gereza nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na yangu chini yake. Nijibu upesi, dada.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Ramadhani