Yaya, Nimepita Pale Ulipoishia

Yaya Espérance,

Tangu tulikuzika, dada yangu, Bukavu haina tena musomaji wa kunipita mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu, unanijua. Maprofesa wananitangulia kusalimia. Juzi hapa Kadutu mutu alisimamisha pikipiki katikati ya mupando kuniuliza asome romani gani, nikamujibu bila kuinua kichwa kwa mashini ya kushona.

Kundi letu la wasomaji liko bado. Kila siku ya mungu, kisha misa ya pili, tunakaa kwa parcelle, uwanja wa nyumba ya Maman Léonie, anatupa chai, na kila mutu anasema iko anasoma romani gani. Ile sheria yako tunailinda: ukimaliza kueleza, wenzako wanakuuliza swali moja, na swali linatoka katikati ya kitabu. Bado nasikia sauti yako: "Mwanzo umeandikwa kwa mugongo wa kitabu, mwisho kila mwizi anaweza kufungua. Katikati ndiko mutu anasoma."

Lakini Yaya, kiti chako kilibaki wazi miezi mitatu. Watu wakapunguka. Wakaanza kusema afazali lile sanduku lako la vitabu liende paroisse, kwa mapadri, kundi liishe kwa heshima. Roho iliniuma. Nikasimama nikasema mimi, ndugu yake, nitakaa pale na nitafungua mukutano kama yeye.

Nikaeleza ile romani uliacha kando ya kitanda, ya mama fundi wa redio. Niliieleza vizuri, hata kuku walinyamaza. Kisha swali: kwa nini yule mama alifunga atelie yake? Nikajibu kwamba mamba mukubwa alitoka ziwani akaingia ndani.

Muzee Balume, yule mwalimu wa zamani aliyeisoma mara mbili, akaweka kikombe chini polepole. "Papa Deo, huyu mamba wa Kivu, ziwa lisilo na mamba, alipita kwa mulango ama kwa dirisha?"

Nikasema dirisha.

Maman Léonie alicheka mpaka chai ikamutoka puani. Kisha akajipanguza, na hakucheka tena. "Papa Deo, tunakupa mpaka siku ya mungu ingine. Ukishindwa, sanduku linaenda."

Basi nikafungua kitabu. Yaya, kumbe ndani muko watu! Yule mama anatengeneza redio za mutaa wote bure, sharti moja tu: kila nyumba isikilize matangazo, jina la dada yake aliyepotea likitajwa wamukimbilie. Nilikuwa napiga pasi suruali ya papa mumoja muimbaji wa korali, nikafika pale anafungua redio ya mugeni na kukuta barua chini ya betri. Nikapiga kelele. Suruali ikaungua goti zima. Yule papa alikuja na hasira, nikamusomea page mbili, akakaa kwa benchi na kuniambia nirudie ya kwanza. Saa sita benchi ilikuwa imejaa, wengine walisimama mpaka barabarani, karibu mpaka Mumosho, kule nje ya muji.

Page cent douze, ile ya mia moja na kumi na mbili, nikakuta alama yako ya kalamu. Nikageuza, hakuna ingine. Nikarudi. Nilikaa pale muda, naogopa, kama mutu anayekupita njiani bila kukuamukia. Kisha nikaendelea.

Acha nikuambie, maana hukufika. Barua iliandikwa na dada yake mwenyewe. Iko muzima, Yaya! Iko ng'ambo ya ziwa, naye anasikiliza redio kila siku akingoja jina la mukubwa wake. Ndiyo maana mama alifunga atelie: alienda kumutafuta. Sijui kama watapatana. Nimebakiza page arobaini, nitazimaliza usiku huu.

Kesho ni siku ya mungu. Waniulize katikati, waniulize pembeni, niko tayari. Sanduku halitatoka, nakuahidi, na kila nitakachomaliza nitakuja kukueleza pale kaburini. Lala salama, mukubwa wangu.

Na neno moja, usimuambie mutu huko. Zile romani zote ulizoniazima miaka ile, sikusoma hata moja. Kila siku ya posho nilikuja kukuuliza wewe umefika wapi, nawe ukichagua maharagi ukinieleza yote, na kesho yake, siku ya mungu, nilijibu mbele yako kama bingwa. Hiki ndicho kitabu cha kwanza nimepita page ya kumi.

Ndugu yako,
Deo