Wifi Amemchukua Mwanangu kwa Sababu ya Mikono Yangu

Dada Amira, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira. Naosha viatu vya mitumba pale Mchikichini, kutwa mikono iko kwenye ndoo ya sabuni ya unga na dawa ya kutoa madoa, sasa viganja vimekauka, vimepasuka, vinawasha hadi vinatoa damu, basi wifi yangu Victoria akaanza kuwaambia watu nina ugonjwa wa kuambukiza, nami kwa kutaka kumwonyesha kuwa mimi ni msafi, kila nikirudi nyumbani najisugua kwa brashi na limao, inauma mpaka machozi yanatoka, na ndiyo kwanza mikono inazidi kuharibika. Jumapili tulikuwa kwake Mchafukoge, mwanangu Steven akalia, nikamnyanyua, wifi akanipokonya mbele ya wageni: "Usimguse na magamba yako! Atabaki hapa mpaka upone." Nikamgeukia mume wangu Ignasi. Akasema, "Mwache dada, ana nia nzuri." Mtoto bado yuko kule, na bado ananyonya, maziwa yamejaa kifua kinaniuma. Nifanyeje?
Hyasinta, Ilala

Marahaba, Hyasinta, na pole sana. Ila naanza na wewe. Nani alikwambia ngozi ni sufuria? Ngozi ya juu imejipanga kama matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Sabuni kali inayaondoa mafuta hayo kutwa nzima, halafu wewe unamalizia kwa brashi! Mwili unatengeneza ngozi mpya huko chini na kuipandisha taratibu, lakini kila ikifika juu unaikwangua. Acha. Limao tupa. Kazini vaa glovu za mpira, ndani yake za pamba. Nawa kwa sabuni isiyo kali, jikaushe bila kusugua, na mikono ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando, kila unaponawa. Itachukua wiki kadhaa, vumilia. Na uende kliniki ya ngozi, maana palipopasuka vijidudu hupita.

Kwa ulivyoeleza, hiyo ni mikono iliyounguzwa na sabuni, na haiambukizi mtu. Daktari ndiye atakayethibitisha, si Victoria. Amesomea wapi udaktari, huyo?

Ignasi, najua utasomewa hii. Mkeo anadhalilishwa mbele ya wageni, wewe unamtetea dada yako? Aibu! Nenda naye leo kwa dada yako mkamchukue mtoto, na wewe ndiye ugonge mlango.

Victoria akigoma, Hyasinta, usibishane. Funga viganja kwa kitambaa safi, keti sebuleni kwake, fungua blauzi, mwambie akuletee mtoto anyonye. Usinyanyuke bila Steven.