Jakuzi la Mama na Maji ya Ubatizo

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.
17 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Clement,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Wewe na wifi yangu Grace hamjambo huko Kitwe? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi tunapumua, ila mimi nina kinyaa ambacho hata chai ya tangawizi haikiondoi. Naandika kwa sababu kila nikikupigia na kutaja jakuzi, unasema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao.

Mchungaji Yonasi alikupigia kuomba mahali pa kubatizia, maana mto umebaki matope. Nawe, umekaa zako kwenye sofa, ukamjibu, "Tumieni tu, ni kwetu." Kwetu! Ulimletea Mama jakuzi hilo, beseni kubwa la maji ya moto yanayobubujishwa na mashine, kwa ajili ya magoti yake, Mungu akubariki. Lakini anayeinama kupima maji kila asubuhi ni mimi.

Wakaja Jumamosi ya tarehe tano, vijana kwa wazee, na mafuta ya mgando miguuni, mafuta ya nywele vichwani, na kanzu zilizoburuza vumbi lote la Tunduma. Wakazama mmoja mmoja, wakaibuka, haleluya. Sina neno na ubatizo wao. Neno langu ni maji.

Jioni nikawasha mashine. Lo! Povu la kijivu likapanda kama la sufuria ya maharage, na nywele za watu ndani yake. Kuta zilikuwa zinateleza, ptuu! Nikachovya kile kikaratasi cha kupimia. Upande wa klorini ulikuwa mweupe pee, uchafu umeila yote. Upande wa pili ulikuwa wa njano, yaani maji yamekuwa makali, yanawasha ngozi. Nikaongeza klorini, ikatoka harufu ya kuchoma macho, na kesho yake kikaratasi kikawa cheupe vilevile. Maji yale hayakuwa ya kutiwa dawa tena, yalikuwa ya kumwagwa.

Nikaenda kufungulia. Mama akanizuia kwa fimbo yake. "Atupele, maji yaliyobatizia watu hayamwagwi yakakanyagwa na kuku." Tukiwa hapohapo, jirani yetu Roda akaja na dumu, akachota ya kumnywesha mumewe mwenye kikohozi. Kunywa, Clement! Nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika.

Kumbe nikienda sokoni Mama alikuwa anaingia humo kujitibu. Baada ya siku chache mapaja yakajaa vipele vya usaha, na mchubuko aliokuwa nao kwenye muundi ukaanza kunuka. Unajua ana kisukari. Hapo kinyaa kilinitoka, nikashikwa na hofu ya kukatwa mguu wa mama yetu. Zahanati wakamsafisha, wakamkataza maji yale. Aliporudi akasema mganga yule hana imani.

Nikamwita Mchungaji. Nikamkaribisha chai na viazi vitamu, akala, sahani ikabaki tupu. Kisha nikachota kikombe cha maji yale nikamwekea mezani, Mama akitazama. Nikasema, "Baba Mchungaji, Mama anaamini hii ni dawa. Onja kidogo, na mimi niamini."

Akakiangalia kikombe. Unywele ulikuwa unaelea. Akakohoa, akasema, "Leo nimefunga, dada."

Mama akaitazama sahani, akamtazama yeye, akaitazama sahani tena. Kisha akaniambia, "Fungulia."

Yalitoka yananuka, hata kuku wenyewe walikimbia. Mchungaji alivua koti tukasugua pamoja, hilo nampa sifa zake, na ndiye aliyekwenda kumwambia Roda amwage dumu lake. Nimejaza maji mapya, nimetia kwanza ile dawa ya unga ya kupunguza ukali, kisha klorini, na kikaratasi kimetoa rangi inayotakiwa. Mama hajaingia bado. Kidonda kinakauka, na zahanati wamesema tusubiri mpaka kifunge kabisa.

Nisalimie wifi na watoto. Mjomba Mika wa Itaka anakusalimu, kahawa yake mwaka huu ni nzuri. Mungu awalinde huko mliko, na wewe akuongezee aibu kidogo.

Mama anakusalimu pia. Amesema niandike maneno yake kama yalivyo: siku nyingine ukisikia watu hawana pa kubatizia, waazime kitanda chako.

Dada yako akupendaye, ingawa wiki hii kwa kujilazimisha,
Atupele